Kubofya mara mbili: kuzuia faili ya skripti isijiendeshe

Tarehe 4 Mei mwaka 2000, barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU ilianza kuenea duniani kutoka Ufilipino. Kiambatisho chake kilifanana na barua ya kawaida, kwa kuwa Windows ilificha herufi za mwisho za jina lake, yaani vbs. Ilikuwa faili ya skripti: maandishi ya amri ambazo kompyuta huzitekeleza. Aliyebofya mara mbili akidhani atasoma, kumbe aliamuru picha zake ziharibiwe na barua hiyo hiyo itumwe kwa wote waliomo katika orodha yake ya anwani. Ufilipino haikuwa na sheria ya kuadhibu kosa hilo; mshukiwa akaachiliwa.

Kinga ni nyepesi. Katika mipangilio ya Windows, penye programu za kufungulia faili, mtumiaji hutafuta aina za vbs na js, kisha huchagua Notepad. Tangu hapo kubofya mara mbili huonyesha maandishi tu. Ofisi zinazotumia skripti halali zitaziendesha kwa njia nyingine, usumbufu mdogo mno. Microsoft yenyewe, ilipotoa PowerShell mwaka 2006, ilizipanga faili zake za ps1 zifunguke hivyo tangu mwanzo.