Mtoto wa Ahadi na Kazi za Kila Siku

Katika habari za kuzaliwa zilizoandikwa na Luka, iko moja ambayo mara nyingi twaipita upesi, kwa kuwa macho yetu yanatazama mbele, Bethlehemu. Ndiyo habari ya kuzaliwa kwake Yohana Mbatizaji. Makanisa mengi huikumbuka tarehe 24 Juni, miezi sita kabla ya Noeli, kwa sababu Mariamu alipopashwa habari na malaika, jamaa yake Elisabeti alikuwa katika mwezi wa sita wa mimba yake.

Zakaria, mumewe Elisabeti, alikuwa kuhani wa zamu ya Abiya. Wote wawili walikuwa wazee, wala hawakuwa na mtoto. Yafaa tuangalie mahali ahadi ilipomkuta. Ilimkuta hekaluni, katika zamu yake, akifukiza uvumba kama ilivyompasa. Miaka mingi ya kungoja haikuwa udhuru wa kulegea kazini. Hata hivyo alipoambiwa hakusadiki, akawa bubu mpaka siku mtoto alipopewa jina.

Siku ya nane majirani na jamaa walikusanyika, wakataka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Hatuwezi kuwalaumu, maana hata kwetu jina la mtoto si shauri la wazazi peke yao; ukoo mzima huliangalia. Lakini mama alikataa. Ndipo baba alipotaka kibao, akaliandika jina la Yohana, na mara ulimi wake ukafunguliwa. Sisi tujuao kalamu tulizingatie jambo hilo: utii wa mzee yule ulianza kwa maandishi machache tu.

Wengi wetu hukomea hapo. Mtoto hubatizwa, wazazi huahidi mbele ya kanisa, mbuzi huchinjwa, wageni hula wakashiba. Kisha ahadi ikabaki kanisani kama mwavuli uliosahauliwa.

Lakini mtoto yule alikua, akahubiri kando ya mto Yordani, na watu wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaagiza wahamie nyikani, wala wavae singa za ngamia kama yeye. Mwenye kanzu mbili aliambiwa amgawie asiye nayo. Watoza ushuru walikatazwa kutoza zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari walikatazwa kuwaonea na kuwasingizia watu, nao waridhike na mshahara wao. Kila mtu alirudishwa kwenye kazi yake akiwa na amri nyepesi kuisikia, nzito kuitenda.

Amri hizo zatufikia nasi. Karani aketiye penye mizani ya chama cha ushirika na amwandikie mkulima uzito kamili. Mkulima naye asitie maji katika maziwa, wala asifiche mahindi mabichi chini ya gunia na kuweka makavu juu. Mwenye meza ofisini asimwambie mjane arudi kesho na kesho kutwa, kumbe angoja apewe chai. Watoto wetu huyaona hayo yote. Mafundisho ya Jumapili huyasikia kwa saa moja. Mikono yetu huitazama juma zima.

Labda mtu atasema kwamba mshahara ni mdogo, na karo ni nyingi. Neno hilo si jepesi, na hapana shaka hata askari wale walikuwa nalo, kwani mwenye mshahara mnono hana haja ya kuhimizwa aridhike. Yohana hakusema kwamba mshahara wao ulitosha. Alikataa pengo lake lisizibwe kwa mali ya mnyonge.

Ndugu msomaji, kama unaye mtoto aliyebatizwa, mwite kwa jina lake jioni ya leo, ukakumbuke uliyoyaahidi siku ile. Kisha kesho asubuhi uende kazini kwako.