Lugha ya Maelekezo ya Kufuma Sweta

Maelekezo ya kufuma ni maandishi ya namna ya pekee, kwa kuwa msomaji wake huyatii neno kwa neno. Msomaji wa shairi asiyeuelewa ubeti huweza kuurudia bila hasara. Mfumaji aliyeielewa safu moja visivyo aghalabu huligundua kosa wakati kipande kinakaribia kwisha, na hapo dawa ni kufumua. Nchini Kenya, ambako sweta ni sehemu ya sare ya shule nyingi, hasa katika nyanda za juu zenye baridi, kazi hii ni riziki ya watu wala si pumbao tu. Huenda ikadhaniwa kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuieleza. Msamiati upo, kinachohitajika ni uteuzi wenye uangalifu.

Tatizo la kwanza ni jina la kile kinachohesabiwa. Mfasiri huvutwa na neno "mshono", maadamu Kiingereza hutumia neno moja kwa kazi ya cherehani na kwa kazi ya sindano mbili. Lakini sweta hushonwa pia: mgongo, kifua na mikono hufumwa mbalimbali, kisha huunganishwa. Fundi akiambiwa aanze na "mishono 90", na baadaye ashone mishono ya ubavuni, neno moja limebebeshwa mizigo miwili. Wavuvi husema "jicho" la wavu. Hilo nalo ni tundu, na kinachokaa kwenye sindano ya mfumaji si tundu. "Kitanzi" ndilo neno lifaalo: ni uzi uliopindwa, nao ukiponyoka sindanoni kazi hufumuka. Hapa mnyambuliko wa kitenzi unatosha kabisa: fuma, fumua, fumuka. (Hata "mfumo", ambao wanaisimu huutaja kila siku, asili yake ni kitenzi hiki.)

Vitanzi vina namna mbili. Kimoja huonyesha umbo la V upande wa mbele, cha pili huonyesha kinundu; kwa hakika ni kitu kimoja kilichotazamwa pande mbili. Kwa hiyo "fuma usoni" na "fuma kinyume" ni istilahi zinazoeleza uhusiano huo, jambo ambalo maneno ya Kiingereza hayafanyi. Hatari iko katika vifupisho. Kwa Kiingereza herufi K huwakilisha kitanzi cha usoni. Fundi aliyezoea vitabu hivyo akikuta K ya "kinyume" atafuma kinyume cha alichoagizwa. Heri neno liandikwe lote.

Hata istilahi zikikamilika, sweta inaweza kuukataa mwili, na sababu ni kipimo. Chukua kifua cha sentimeta 80, kisha uongeze 8 ili nguo isibane. Jumla ni 88, yaani 44 kwa kila kipande. Ikiwa vitanzi 20 hufanya sentimeta 10, kila kipande kitahitaji vitanzi 88, na viwili zaidi vitakavyomezwa na mshono: 90. Fundi mwenye mkono wa kukaza, ambaye vitanzi vyake 22 ndivyo vifanyavyo sentimeta 10, akifuata idadi iyo hiyo atapata sentimeta 40 kwa kila kipande. Nguo nzima itakuwa 80, sawasawa na mwili, na mwanafunzi ataivaa kwa taabu. Maelekezo yasiyotaja kipimo mwanzoni, na yasiyomwagiza fundi afume kwanza kipande cha majaribio, hayajakamilika, hata Kiswahili chake kiwe fasaha namna gani. Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani, alilisisitiza jambo hili katika kitabu chake cha 1971, Knitting Without Tears.

Idadi ya 90 ina faida nyingine. Ukingo wa chini ukifumwa viwili usoni na viwili kinyume, huanza na kwisha kwa viwili vya usoni. Mshono ukimeza kimoja kila upande, hubaki viwili, na mistari ya ukingo huzunguka mwili bila kukatika. Mwandishi asiyeeleza sababu hii humwachia fundi nambari tupu.

Neno gumu kuliko yote ni dogo: "kila". Mkono huanza na vitanzi 38 na kupanuka hadi 62, kwa kuongeza kimoja kila upande mara 12. "Kila safu ya nne" huchukua safu 48. "Kila baada ya safu nne" huweza kueleweka kuwa safu nne tupu, kisha ya tano yenye nyongeza: safu 60. Kwa kipimo cha safu 28 kwa sentimeta 10, mkono utazidi kwa zaidi ya sentimeta 4. Yafaa kuandika: "ongeza katika safu ya 4, ya 8, ya 12," na kuendelea hadi ya 48, kisha kutaja kwamba sasa sindanoni pana vitanzi 62, ili fundi ajihakikishie.

Wajapani hupunguza maneno kwa kutumia michoro yenye alama sanifu. Mchoro husomwa kutoka chini kwenda juu; kazi ikigeuzwa kila safu, safu za upande wa mbele husomwa kutoka kulia, kama tenzi za khati za Kiarabu, na za upande wa nyuma kutoka kushoto. Lakini mwelekeo huo wenyewe lazima uelezwe kwa maneno kabla ya mchoro.