KABLA YA KUMLAUMU MKUNGA, TUHESABU GLAVU



Olumbi ni mahali pa wavuvi na wakulima, kusini ya mji wa Palma, katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Huku mama akishikwa na uchungu usiku na mtoto asitoke, jamaa zake hawaulizi hospitali ipi ni nzuri. Wanauliza gari liko wapi, bahari imetulia au imechafuka, na njia ni salama au si salama. Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na zaidi tangu Palma iliposhambuliwa mwezi Machi 2021, swali hilo la mwisho limekuwa la kwanza.

Mama huyo akifika kwenye kituo cha afya, je, huduma atakayoipata ni salama? Watu wengi hudhani hili ni jambo la madaktari wakubwa tu. Sisi tunasema ni jambo la chama, na tutaeleza kwa nini.

Miaka michache iliyopita tuliitwa kwenye kituo kimoja cha afya cha pwani hii, ambacho hatutakitaja jina. Mama alikuwa amekufa kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua. Mkunga alikuwa amekwisha kuandikiwa barua ya onyo kali, na kijijini watu walikuwa wakimwita muuaji. Tulikwenda kumtetea kama ilivyo desturi ya chama, yaani kuuliza kama sheria za kazi zimefuatwa. Lakini mwanachama wetu mmoja, mzee anayefagia kituo hicho, alituvuta pembeni akasema: "Kabla hamjasoma barua, nendeni mkatazame friji."

Tulikwenda. Friji ilikuwa haina gesi kwa wiki tatu. Dawa ya sindano ya kuzuia damu, iitwayo oksitosini, hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mle ndani joto lilikuwa sawa na la nje. Sanduku la glavu lilikuwa tupu. Mkunga alikuwa peke yake, usiku wa tatu mfululizo. Alipiga sindano kwa wakati wake, kama alivyofundishwa, na damu haikukatika. Kama dawa ilikuwa imeharibika, hakuna aliyeipima. Lakini barua ya onyo haikuwa na hata neno moja juu ya friji.

Tangu siku ile tumejifunza kuuliza swali jingine. Badala ya kuanza na "nani amekosa?" tunaanza na "kitu gani kilikosekana?" Swali hili si la kuwaficha wazembe. Wazembe wapo, na chama hakimlindi mtu anayekuja zamu amelewa. Lakini watafiti wamelifanyia kazi swali hili miaka mingi, na majibu yao yanatuhusu sana sisi wafanyakazi.

Tuanze na nchi yetu wenyewe. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na tarehe 24 Julai mwaka huo huo huduma za afya zikataifishwa. Madaktari wengi walikuwa Wareno, wakaondoka. Kisha vita vikaja, na vituo vingi vikachomwa. Nani atampasua mama wa wilayani ambaye mtoto amekwama? Mwaka 1984, Pascoal Mocumbi akiwa Waziri wa Afya, naye mwenyewe daktari wa akina mama, serikali ilianza kuwachukua wauguzi na waganga wasaidizi wenye uzoefu na kuwafundisha upasuaji kwa miaka mitatu. Ndio tunaowaita matekniko wa upasuaji.

Watu walitia shaka. Je, mtu asiye daktari atashika kisu? Jibu halikutolewa kwa hotuba, lilitolewa kwa hesabu. Utafiti uliotolewa mwaka 1996 ulitazama akina mama 2,071 waliojifungua kwa kupasuliwa katika Hospitali Kuu ya Maputo. Kati yao 958 walipasuliwa na matekniko na 1,113 na madaktari bingwa. Kwa mama na kwa mtoto, haikuonekana tofauti yenye uzito. Jambo moja tu lilionekana: majeraha ya juu ya ngozi yalifunguka mara nyingi kidogo zaidi kwa upande wa matekniko. Hilo nalo liliandikwa, halikufichwa.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2007, ulihesabu upasuaji mkubwa wa uzazi 12,178 uliofanywa nchini mwaka 2002. Matekniko walifanya asilimia 57, na katika hospitali za vijijini asilimia 92. Tena, miaka saba baada ya kupelekwa hospitali za wilaya, karibu matekniko tisa katika kila kumi walikuwa bado wako huko. Kati ya madaktari waliofuatiliwa, hakubaki hata mmoja.

Ndugu msomaji, pima maneno hayo. Mama wa wilayani hakuokolewa na ukubwa wa cheti. Aliokolewa na mtu aliyefundishwa vizuri, akapata mazoezi ya kutosha, na akabaki kazini.

Sasa tuvuke mto Ruvuma twende Tanzania. Mwaka 2007 na 2008, hospitali ya Ifakara ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizojaribu karatasi ya Shirika la Afya Duniani ya kukagua upasuaji. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Toronto na Manila. Karatasi ina mambo 19 tu. Mgonjwa ni nani? Anapasuliwa wapi? Dawa ya kuzuia usaha imetolewa? Vitambaa vilivyoingia vimehesabiwa vikatoka vyote? Katika hospitali hizo nane kwa jumla, vifo vilishuka kutoka 15 hadi 8 kwa kila wagonjwa 1,000, na waliopata madhara makubwa walishuka kutoka 11 hadi 7 kwa kila 100.

Siri ya karatasi ile ni kwamba watu wote chumbani husimama kidogo na kusema kwa sauti. Nesi anapata haki ya kusema: "Daktari, subiri, kitambaa kimoja hakijaonekana." Mahali ambapo mdogo anaogopa kumwambia mkubwa, mgonjwa ndiye hulipa.

Lakini tusiabudu karatasi. Katika jimbo la Ontario, Kanada, hospitali zilitakiwa zote kuitumia. Utafiti wa mwaka 2014 katika hospitali 101 haukuona vifo kupungua kwa kiasi cha maana. Sisi tunaona hivi: amri ikitoka juu na watu wa chini wasishirikishwe, karatasi hujazwa alama tu na kazi inabaki ile ile.

Ni nini basi kinachosaidia? Tanzania imetoa somo jingine. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2023, hospitali na vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza viliwawezesha wakunga kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara, hapo hapo kazini, kwa kutumia midoli: kumsaidia mtoto asiyepumua, na kumzuia mama asitokwe na damu. Walipata vifaa, na walitazama hesabu zao wenyewe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025. Vifo vya akina mama vilishuka kutoka kama 240 hadi kama 60 kwa kila 100,000. Watoto waliokufa katika siku ya kwanza walishuka kutoka 7 hadi 4 kwa kila 1,000.

Wafanyakazi wa afya wa Msumbiji walipogoma mwaka 2023 na tena 2024, walidai malipo yao, lakini walidai pia dawa na vifaa vya kazi. Wako waliosema hao wanatafuta fedha tu. Sisi tunasema glavu ni dai la mfanyakazi na ni dai la mgonjwa. Haviachani.

Kwa hiyo tunayaomba matawi yetu, hata yale yenye wanachama wawili, yafanye haya:

Kwanza, daftari liwekwe. Kila siku iandikwe: glavu zipo au hazipo, friji ina baridi au haina, nani yuko zamu na kwa usiku wa ngapi.

Pili, likitokea baya, liandikwe siku hiyo hiyo, kabla barua haijaandikwa. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Tatu, mazoezi yafanywe kila wiki, hata kwa mdoli wa kitambaa.

Nne, mfagiaji na dereva waitwe kwenye kikao. Wanaona mambo ambayo mkuu haoni.

Tano, tudai kwamba anayefanya kazi kubwa apewe cheo na malipo ya kazi hiyo, ili abaki wilayani.

Mkunga yule tuliyemtaja, barua yake iliondolewa kwenye jalada baada ya miezi minne. Friji ilipata gesi baada ya miezi sita. Katika miezi hiyo akina mama waliendelea kuja kujifungua, usiku na mchana, kwa sababu hawana pengine pa kwenda. Ndio maana tunasema daftari lianze leo.

Umoja wetu ndio kinga yao.