Ihefu ilipoondoka, ligi ilihamia kwenye simu

MBARALI. Mwaka 2022 shabiki wa Igawa aliyetaka kuiona Yanga hakuhitaji king'amuzi, bando wala namba ya siri. Alihitaji nauli ya kufika Ubaruku na hela ya kiingilio, basi. Ligi Kuu ilikuwa inachezwa jirani.

Na kweli waliokwenda waliona mambo. Novemba 29, 2022, kwenye Uwanja wa Highland Estates, Ihefu iliichapa Yanga mabao 2-1 na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Yanga ikarudi Oktoba 4, 2023, ikala kichapo kilekile, 2-1. Kwa wiki kadhaa nchi nzima ilikuwa inaulizana Mbarali iko wapi.

Leo Highland Estates ipo, lakini Ligi Kuu haipo. Ihefu ilihamia Singida msimu wa 2023/24 ukiwa unaendelea, na msimu uliofuata ikabadili jina kuwa Singida Black Stars. Anayetaka kuona mechi ya ligi kwa macho inabidi apande gari mpaka Mbeya mjini, Uwanja wa Sokoine, zaidi ya kilomita 100 kutoka Igawa. Upande wa pili ni Iringa, ambako Lipuli, iliyokuwa ikitumia Uwanja wa Samora, ilishuka Ligi Kuu mwaka 2020.

Kwa hiyo mpira umehamia kwenye skrini. Na skrini inataka malipo kila mwezi, kwenye eneo ambalo watu wengi hawajawahi kushika kadi ya benki ya kulipia mtandaoni, sembuse kadi ya mkopo.

KADI HAINA KAZI, SIMU INATOSHA

Igawa ni mji wa barabarani. Malori yanayokwenda na kutoka Zambia na Kongo yanapita hapa usiku na mchana, na jina lake wengi wanalijua kupitia mradi wa kupanua barabara ya Igawa hadi Tunduma, kilomita 218. Pembeni ya lami kuna mama lishe, gereji, mashine za kukoboa mpunga na vibanda vya mawakala wa pesa za simu. Ni hivyo vibanda vya mawakala vinavyoamua nani ataangalia mechi jioni.

Azam Media ndiyo yenye haki za kuonyesha Ligi Kuu Bara. Mei 2021 ilisaini mkataba wa miaka 10 na TFF wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Maana yake ni kwamba mpaka muongo huo uishe, shabiki anayetaka kuona Simba, Yanga, Mbeya City au Tanzania Prisons wakicheza mechi ya ligi akiwa nyumbani anajua anakopeleka hela yake. Kwa Ligi Kuu England njia ni DStv, kupitia chaneli za SuperSport.

Kote huko kadi ya benki si lazima. Mwenye M-Pesa anaingia *150*00#, mwenye Mixx by Yas, ambayo zamani ilikuwa Tigo Pesa, anaingia *150*01#, wa Airtel Money *150*60# na wa Halopesa *150*88#. Anachagua sehemu ya malipo, anatafuta ving'amuzi, anaingiza namba ya kadi ya king'amuzi chake, kiasi na namba ya siri. King'amuzi kikiwa kimewashwa, picha inarudi baada ya muda mfupi.

Asiyekuwa na dishi anatumia programu ya Azam TV Max kwenye simu yake. Hapo napo analipia kwa salio la mtandao wake wa simu. Lakini huyu analipa mara mbili, kifurushi cha kuangalia na bando la intaneti. Dakika 90 za picha nzuri zinakula bando kwelikweli, na wengi wamelijua hilo dakika ya 70, picha ilipoganda wakati straika anaenda kubaki na kipa.

MTOTO YUKO DAR, BABA ANAANGALIA IGAWA

Kuna jambo ambalo mfumo huu umelifanya vizuri kuliko kadi. Namba ya king'amuzi haijali nani kalipa. Kijana anayefanya kazi Dar es Salaam anaweza kumlipia mzee wake Igawa akiwa kwenye daladala, bila kumtumia hela mkononi na bila mzee kuhangaika kutafuta wakala. Dereva wa lori aliyekwama foleni ya mpakani Tunduma anaweza kulipia nyumbani, watoto wakaangalia, na yeye akasikiliza redioni.

Mtandao wa simu nao haubagui. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na kwa miaka kadhaa kila mtandao ulikuwa kisiwa chake. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walianza kuruhusu wateja wao kutumiana pesa moja kwa moja, na mwaka 2016 Vodacom ikaingia. Tangu hapo mwenye laini moja anaweza kuchangiwa na watu wa laini nyingine zote, halafu akalipa yeye. Makundi ya marafiki wanaochangishana hela za kifurushi kimoja yasingewezekana bila hilo.

SHIDA NI MSIMU

Ukiuliza kwa nini shabiki wa mjini analipia mwezi mzima bila kufikiria na wa Mbarali anahesabu wiki kwa wiki, jibu liko shambani. Bonde la Usangu linaishi kwa mpunga. Hela ya maana inaingia mavuno yanapoanza, kuanzia karibu na Mei. Ligi yetu inaanza kuelekea Agosti na kumalizika Mei au Juni. Yaani mkulima anapata hela wakati bingwa anakabidhiwa kombe, na katikati ya msimu, mechi zikiwa zimepamba moto, yeye yuko kwenye majaruba akilipa vibarua na kununua mbolea.

Hapo ndipo malipo ya simu yanapomfaa kuliko kadi. Huduma nyingi za mtandaoni zinazolipwa kwa kadi zinajikata zenyewe kila mwezi, uwe na mavuno au huna. King'amuzi kinacholipwa kwa simu hakikati kitu. Kifurushi kikiisha, kimeisha. Hakuna deni, na hela ikipatikana unawasha tena.

Ubaya wake ni huohuo. Hakuna anayekukumbushia kwa nguvu. Kifurushi kinaweza kuisha siku ya mechi, mtandao ukawa mzito kwa sababu kila mtu analipa saa ileile, na wakala wa karibu akawa hana floti ya kukuwekea salio. Ndiyo maana wazoefu wa mabanda umiza hawasubiri siku ya mechi. Wanalipa jana yake, asubuhi.

HESABU YA BANDA UMIZA

Kwa mwenye banda, malipo haya ni mtaji. Tuchukue mfano mwepesi. Kiingilio kikiwa Sh500 na watu 60 wakaingia, hiyo ni Sh30,000 kwa mechi moja. Humo atoe umeme au mafuta ya jenereta, kodi ya banda, kijana wa mlangoni na kifurushi. Mechi kubwa ikijaa, mwezi umelipika. Mechi ikikosekana, anabaki anaangalia mabenchi matupu.

Machi 8, 2025 ni siku ambayo wenye mabanda nchi nzima wanaikumbuka. Ilikuwa Yanga na Simba, watu wamelipia, mabenchi yameongezwa. Siku hiyohiyo Bodi ya Ligi ikaiahirisha mechi, baada ya Simba kutangaza haitapeleka timu ikilalamika kuzuiwa kufanya mazoezi ya mwisho kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mechi ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Aliyelipia kifurushi cha mwezi mmoja kwa ajili ya mechi ile ya Machi, kilikuwa kimeisha tangu Aprili. Mpira uliahirishwa, kifurushi hakikuahirishwa.

Upo na upande wa sheria ambao wenye mabanda wengi wanauruka. Kifurushi cha nyumbani kinauzwa kwa ajili ya familia, si kwa kutoza watu kiingilio. Anayetaka kufanya biashara salama aulize kwanza mwenye haki za kuonyesha kuna utaratibu gani wa biashara, kabla hajajenga banda la kudumu.

MATAPELI NAO WANA RATIBA

Matapeli wa simu wanaijua ratiba ya ligi kama Bodi ya Ligi. Wiki ya mechi kubwa ndiyo wiki ya ujumbe wa bei ya punguzo, ya mtu anayejiita wa huduma kwa wateja, na ya anayedai kuuza akaunti ya kuangalia mechi zote duniani kwa bei ya soda. Wote wanaishia sehemu moja: wanataka utume hela kwenye namba ya mtu binafsi, au uwatajie namba ya siri.

Kinga yake ni rahisi. Malipo ya kweli ya king'amuzi hayaendi kwa mtu, yanaenda kwa kampuni, na simu inakuonyesha jina la anayepokea kabla hujaweka namba ya siri. Ukiona jina la mtu usiyemjua, acha hapohapo. Namba ya siri haiombwi na mfanyakazi yeyote wa mtandao, awe anaongea kwa upole kiasi gani. Ujumbe wa kitapeli unatumwa kwenda 15040, namba iliyotengwa kwa ajili hiyo. Na kwa sababu laini zote zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, kila mtu anaweza kupiga *106# na kuona laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao husika mapema.

Aliyekosea tarakimu moja ya king'amuzi naye asikae kimya. Apige 100, namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wake, haraka iwezekanavyo, akiwa na ule ujumbe wa muamala. Wenye tabia ya kufuta ujumbe wa malipo ili simu iwe nyepesi ndio wanaoteseka siku hiyo, kwa sababu namba ya muamala ni ushahidi muhimu.

HUDUMA ZA NJE ZINAZODAI KADI

Ukitoka kwenye ving'amuzi vya hapa na kwenda kwenye huduma za nje, mambo yanabadilika. Fomu inakuuliza namba ya kadi, tarehe ya mwisho na tarakimu tatu za nyuma. Wengi wa Igawa wanafunga simu hapo wakijua hiyo ni habari ya wenye kadi za mkopo.

Si lazima iwe kadi ya mkopo. Kadi ya kawaida ya benki yenye nembo ya Visa au Mastercard, ile ya kutolea hela kwenye ATM, inaweza kulipia mtandaoni kama benki imeiruhusu. Kwa mtu wa Igawa hiyo ni safari moja tu ya kwenda tawi la benki na kuomba kadi yake ifunguliwe kwa manunuzi ya mtandaoni.

Njia nyingine ni kadi isiyoshikika, inayotengenezwa ndani ya menyu ya pesa za simu. Kenya, Safaricom na Visa walizindua yao, M-Pesa GlobalPay, Juni 2022. Hapa kwetu nako ipo mitandao inayotoa kadi za aina hiyo. Unahamisha hela kutoka kwenye salio lako, unapewa namba ya kadi, unalipa kama mwenye kadi ya plastiki.

Wajanja wanaotumia njia hii wana kanuni moja: wanaweka kiasi cha mwezi mmoja tu. Huduma ikitaka kujikata mwezi unaofuata inakuta kadi tupu. Pia wanaacha nafasi kidogo juu ya bei, kwa sababu bei ya dola ikibadilishwa kuwa shilingi huwa haifanani na ile uliyoipigia hesabu jana.

KABLA YA FILIMBI

Kwa shabiki anayejiandaa na mechi ya wikiendi, mambo ni machache. Andika namba ya king'amuzi mahali ambapo haipotei, si kwenye kichwa. Lipa siku moja kabla. Soma jina la kampuni kabla ya namba ya siri. Washa king'amuzi unapolipa. Tunza ujumbe wa muamala mpaka mwezi uishe. Ukitumia simu, nunua bando kwanza, kifurushi baadaye, maana kifurushi bila bando ni tiketi ya uwanja uliofungwa.

Wapo Igawa ambao bado wanaamini Ligi Kuu itarudi Highland Estates. Tanzania Prisons bado ipo Mbeya, na Mbeya City, iliyoshuka mwaka 2023, ilipambana ikarejea kwa msimu wa 2025/26. Timu inaweza kurudi. Mpaka siku hiyo, mwenye kutaka kuiona Yanga ikifungwa tena itabidi ahakikishe salio linatosha.