Dawa Kongwe kwa Kazi Mpya: Istilahi za Viuavimelea na Mwako wa Moyo

Karatasi ya maelezo ya dawa ikifasiriwa vibaya, atakayeumia ni mgonjwa. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuzungumzie istilahi za mada moja ambayo siku hizi huwafikia wafasiri, walimu na maofisa wa afya mara kwa mara: matumizi ya dawa za vimelea, pamoja na vijazio vya lishe, katika maradhi ya moyo.

Tuchukue sentensi moja iwe mfano: "Dawa ya minyoo sasa ni dawa ya uvimbe wa moyo." Sarufi yake ni safi, na mtu yeyote ataielewa. Hata hivyo, twaona kasoro nne ndani yake.

Kasoro ya kwanza ni neno minyoo. Minyoo ni aina moja tu ya vimelea. Kimelea ni kiumbe kinachoishi ndani ya kiumbe kingine au juu yake na kujipatia riziki kwake. Vimelea vya malaria na vya malale si minyoo. Kwa kuwa tayari tunalo neno kiuavijasumu, twapendekeza kiuavimelea liwe jina la jumla, na "dawa ya minyoo" libaki pale inapokusudiwa minyoo hasa. Ivermektini, iliyoidhinishwa kwa binadamu mwaka 1987 dhidi ya ugonjwa wa usubi, ni kiuavimelea. Wasomaji wengi wa Tanzania wameifahamu katika kingatiba ya usubi na ya matende na mabusha.

Kasoro ya pili ni uvimbe wa moyo. Uvimbe ni dalili moja tu kati ya dalili nne ambazo waganga wamezitaja tangu kale: joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Aidha, uvimbe katika lugha ya kila siku humaanisha pia kinundu kinachoota mwilini, na mgonjwa aweza kudhani kwamba anahitaji kupasuliwa. Kamusi zimetupa pia neno mwako, nasi twalipendelea. Lakini "mwako wa moyo" peke yake laweza kuchukuliwa kuwa ni shauku ya mapenzi, au hata kiungulia. Kwa hiyo mfasiri na ataje sehemu iliyoshikwa: mwako wa misuli ya moyo, au mwako wa utando wa moyo. Hayo ni maradhi mawili mbalimbali, na tiba zake hazifanani.

Kasoro ya tatu imo katika neno sasa. Linaashiria kwamba dawa imeacha kazi yake ya zamani. Wapo wanaosema "dawa iliyobadilishiwa kazi", nao huingia katika kosa lilo hilo. Kolkisini ni mfano mwema. Tangu zamani hutumika kutibu jongo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Italia kwa wagonjwa 240 wenye mwako wa utando wa moyo. Wote walipata tiba ya kawaida. Nusu waliongezewa kolkisini, na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani. Katika kundi la kolkisini, wagonjwa 16.7 kwa mia ndio ambao ugonjwa haukuwaisha au uliwarudia. Katika kundi la pili walikuwa 37.5 kwa mia. Hata hivyo kolkisini ingali dawa ya jongo. Kwa hiyo twapendekeza dawa iliyoongezewa matumizi.

Tuonye hapa kwamba vidonge visivyo na dawa ndani visiitwe "dawa bandia". Msomaji atadhani wagonjwa walighilibiwa kwa dawa za magendo.

Kasoro ya nne ndiyo kubwa kuliko zote, nayo imejificha katika kiunganishi kidogo: dawa ya. Waswahili husema, dawa ya deni ni kulipa. Yaani, ukilipa, deni limekwisha. Tukisema "dawa ya" ugonjwa fulani, tumekwisha kuahidi kwamba inauondoa. Lakini mwandishi wa makala ya kitaalamu mara nyingi hakuahidi hivyo. Pengine alisema tu kwamba dawa imeonekana kufanya kazi katika vyombo vya maabara.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwezi Aprili 2020 watafiti wa Australia walitangaza kwamba ivermektini hupunguza virusi vya UVIKO-19 katika seli zilizooteshwa maabara. Watu wengi waliipokea habari hiyo kana kwamba tiba imepatikana. Mwaka 2022 jaribio lililofanywa Brazili kwa wagonjwa 1,358 lilionyesha kwamba haikuwapunguzia haja ya kulazwa hospitali. Kwa mwako wa misuli ya moyo pia, ivermektini haijathibitishwa kuwa tiba.

Hata pale ambapo kimelea chenyewe ndicho kilichouanzisha mwako, yafaa tuchague neno kwa uangalifu. Ugonjwa wa Chagas, ulioelezwa na Carlos Chagas huko Brazili mwaka 1909, huletwa na kimelea aliye jamaa wa kile cha malale, na huweza kuharibu moyo. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya jaribio la benzinidazoli kwa wagonjwa 2,854 ambao mioyo yao ilikuwa imekwisha kuathirika. Vimelea vilipungua katika damu, lakini kuzorota kwa moyo hakukupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Mfasiri akiandika "iliwatibu", atakuwa amesema kweli juu ya vimelea na uongo juu ya moyo.

Yabaki vijazio vya lishe. Wengine huviita "dawa lishe". Hatuliafiki jina hilo, kwani neno dawa laahidi yale tuliyokwisha kuyaeleza. Kijazio hujaza pengo. Katika wilaya ya Keshan, China, ugonjwa wa misuli ya moyo ulioonekana mwaka 1935 ulikuja kuhusishwa na upungufu wa madini ya seleniamu katika udongo na chakula. Katika miaka ya 1970 watu wa maeneo yenye ugonjwa huo walipewa madini hayo, na wagonjwa wapya wakapungua sana. Palikuwa na pengo, nalo likajazwa. Hilo halithibitishi kwamba asiyepungukiwa atafaidika, na kipimo cha seleniamu kikizidi hudhuru.

Kwa muhtasari, twapendekeza:

Kiuavimelea: dawa ya kuangamiza au kudhoofisha vimelea vya aina yoyote.
Mwako wa misuli ya moyo; mwako wa utando wa moyo: badala ya "uvimbe wa moyo".
Dawa iliyoongezewa matumizi: dawa ya zamani iliyothibitishwa kufaa kwa ugonjwa mwingine.
Dawa inayojaribiwa kwa matumizi mengine: ile ambayo haijathibitishwa bado.
Kijazio cha lishe: kinachotolewa kujaza upungufu mwilini.

Sentensi yetu ya mwanzo basi na isomeke hivi: "Kiuavimelea hiki kinajaribiwa kwa wagonjwa wenye mwako wa misuli ya moyo, hakijathibitishwa kuutibu." Ni ndefu zaidi, lakini mgonjwa atakayeisoma hataacha dawa aliyoandikiwa na daktari wake ili akanunue nyingine dukani. Wasomaji walio na maneno bora kuliko haya watuletee, nasi tutayajadili.