Duka Linalouza Zawadi

Watoto, mnajua maduka ya namna nyingi. Kuna duka la chumvi na sabuni. Kuna duka la nguo. Kuna duka la misumari na nyundo. Kwa kawaida mwenye duka ananunua vitu kwa bei ndogo, anaviuza kwa bei iliyozidi kidogo, na faida inayobaki inalisha jamaa yake.

Lakini kuna duka la namna nyingine. Vitu vyake vilitolewa bure. Wengi wa watu wanaotumika humo hawapokei mshahara. Tena faida yake inakwenda kwa watu ambao pengine hawakuingia dukani humo hata siku moja: watu wasio na nyumba ya kulala.

Pengine utauliza: kama kitu kilitolewa bure, kwa nini kinauzwa? Je, si afadhali kumpa masikini mkononi? Ulizo hili ni zuri. Tutalijibu, lakini kwanza tutazame namna kazi hii ilivyoanza.

1. Vijana wa Paris

Mwaka 1832 ugonjwa wa kipindupindu uliingia katika mji wa Paris, nchi ya Ufaransa. Uliua watu maelfu, na zaidi wale waliokaa katika mitaa ya masikini. Wajane na yatima walibaki bila msaada.

Wakati ule kijana mmoja, Frédéric Ozanam, alikuwa akisoma sheria katika mji huo. Yeye na rafiki zake walikuwa na desturi ya kukutana na wanafunzi wengine, hata wale wasioamini, wakashindana kwa maneno. Siku moja mmoja wa wasioamini aliwaambia kwamba Wakristu wa zamani walitenda mambo makubwa, lakini wa leo wanasema tu. Akawauliza matendo yao yako wapi.

Neno hili liliwachoma moyo. Tarehe 23 Aprili 1833, siku Ozanam alipotimiza miaka 20, vijana 6 walikutana pamoja na mtu mzima mmoja, Emmanuel Bailly, mwenye kutengeneza gazeti. Wakaanza chama cha kuwatembelea masikini nyumbani mwao. Lakini hawakujua waanzie wapi. Wakaenda kwa Sista Rosalie Rendu, aliyewajua vizuri masikini wa mtaa wa Mouffetard. Sista huyo aliwaonyesha jamaa za kutembelea, akawafundisha namna ya kuingia katika nyumba ya masikini kwa heshima.

Waliweka chama chao chini ya ulinzi wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, padri wa Ufaransa aliyewatumikia masikini. Ozanam alikufa mwaka 1853, akiwa na miaka 40 tu. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1997, na Sista Rosalie mwaka 2003. Leo Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo linafanya kazi katika nchi zaidi ya 140, na Kongo ni mojawapo.

2. Shirika lavuka bahari

Mbali sana, kusini ya mashariki, ng'ambo ya bahari kubwa, iko nchi ya Australia. Mwaka 1851 dhahabu ilionekana katika jimbo la Victoria. Ninyi mnaokaa karibu na machimbo mnajua mambo yanavyokwenda dhahabu ikionekana. Watu maelfu walishuka katika bandari ya Melbourne. Nyumba hazikutosha, na wengi walilala katika mahema. Wanaume walikwenda kuchimba, na mara nyingi wake na watoto walibaki mjini bila posho.

Mwezi wa Machi 1854, katika mji huo wa Melbourne, Padri Gerald Ward alianzisha kundi la kwanza la Shirika katika Australia. Tangu siku ile kazi ilikua. Leo Shirika lina maduka zaidi ya 600 katika nchi hiyo. Watu wa huko wamefupisha jina la Vinsenti, wanayaita maduka hayo Vinnies.

3. Namna duka linavyofanya kazi

Kazi ya kwanza ni kupokea. Mama mmoja ana koti la mtoto wake aliyekwisha kukua. Mzee mmoja anahamia nyumba ndogo, naye ana meza na viti visivyoenea. Wanapeleka vitu hivyo dukani.

Kazi ya pili ni kuchagua. Nyuma ya duka kuna chumba chenye meza ndefu. Hapo watu wanafungua mifuko na kutazama kila kitu. Je, shati lina vifungo vyote? Je, limepasuka kwapani? Je, sufuria inavuja? Kilicho kizima kinawekwa upande mmoja, kilichoharibika upande mwingine.

Kazi ya tatu ni kupanga bei. Bei lazima iwe ndogo, kusudi mtu mwenye pesa kidogo aweze kununua. Lakini isiwe ndogo kupita kiasi, kwa maana duka lenyewe linalipa taa, gari la kubeba mizigo, na mara nyingi kodi ya nyumba.

Kazi ya nne ni kuuza. Nguo zinatundikwa vizuri, za wanaume mahali pake na za watoto mahali pake. Ye yote anaweza kuingia, tajiri au masikini. Hakuna anayemwuliza mwenzake kwa nini amekuja.

4. Pesa inakwenda wapi?

Australia ni nchi tajiri. Lakini katika nchi tajiri pia kuna watu wasio na nyumba. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, watu zaidi ya 122,000 wa Australia walihesabiwa kuwa hawana makao ya kweli. Kati yao karibu 7,600 walilala nje kabisa, katika mahema au njiani. Wengine walikaa kwa rafiki zao, au walisongamana wengi katika nyumba moja, au walilala katika nyumba za kupokea wasio na makao.

Sababu ni nyingi. Mmoja alipoteza kazi, akashindwa kulipa kodi ya nyumba. Mwingine ni mgonjwa wa akili. Mama mwingine alimkimbia mume aliyempiga. Mwingine alitekwa na pombe. Tusiseme upesi kwamba asiye na nyumba ni mvivu.

Katika mji wa Sydney kuna nyumba moja inayopokea wanaume wa namna hii. Shirika la Mtakatifu Vinsenti lilianza kazi hiyo mwaka 1938. Mtu akifika anapata chakula, maji ya kuoga, kitanda, na mganga wa kumtazama. Miezi ya baridi huko ni Juni, Julai na Agosti, kama vile kwetu Lubumbashi. Aliyelala nje usiku wa Julai anajua thamani ya blanketi.

Nyumba hiyo inaitwa kwa jina la Matthew Talbot. Mtu huyu hakuwa mfalme wala padri. Alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Dublin, nchi ya Ireland, na alikuwa mfanyakazi wa kubeba mizigo. Alianza kunywa pombe angali mtoto, na kwa miaka mingi mshahara wake uliishia katika pombe. Mwaka 1884 aliahidi mbele ya padri kuacha. Hakunywa tena mpaka alipokufa mwaka 1925. Kwa hiyo jina lake juu ya mlango linamwambia kila anayeingia: hakuna mtu aliyepotea kabisa.

Kazi ya kuwapokea watu kama hao inahitaji pesa kila siku. Sehemu moja inatoka kwa serikali, sehemu nyingine kwa watu wema wanaotoa pesa, na sehemu nyingine inatoka katika maduka yale.

5. Sasa tujibu ulizo letu

Kwa nini kuuza kitu kilichotolewa bure? Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza: zawadi na haja hazifanani daima. Tuseme watu mia wameleta makoti mia. Lakini mtu anayelala njiani anahitaji koti moja tu. Zaidi ya koti anahitaji mkate, dawa na kitanda. Makoti tisini na tisa hayaliwi. Yakiuzwa, yanageuka kuwa mkate na dawa na kitanda. Vivyo hivyo mkulima hali mahindi yake yote. Anauza sehemu moja apate chumvi.

Sababu ya pili: duka linasaidia watu wawili kwa kitu kimoja. Baba mwenye mshahara mdogo ananunua viatu vya mtoto wake kwa bei anayoiweza: huyo ni wa kwanza kusaidiwa. Pesa aliyolipa inamlisha asiye na nyumba: huyo ni wa pili. Tena baba yule aliyesaidiwa amekuwa yeye mwenyewe msaada kwa mwingine, pengine bila kujua.

Sababu ya tatu ni heshima. Mtu anayenunua hainamishi kichwa. Anachagua rangi anayoipenda, analipa, anakwenda zake. Na yule asiye na kitu kabisa? Huyo hafukuzwi. Watu wa Shirika wanamtembelea, wawili wawili kama desturi yao ilivyo, wanasikiliza shida zake, halafu wanaweza kumpa karatasi ya kupeleka dukani. Kwa karatasi hiyo anachukua nguo bila kulipa. Naye pia anachagua mwenyewe kama wanunuzi wengine. Hapo tunaona fundisho la Sista Rosalie linaishi hata leo.

6. Kutoa si kutupa

Lakini kazi hii ina adui, na adui huyo anajificha ndani ya zawadi zenyewe. Watu wengine wanaleta nguo chafu, viatu vya upande mmoja, godoro lililooza, redio iliyokufa. Wanafikiri: masikini atashukuru kwa cho chote. Wengine wanatupa mifuko mlangoni usiku, mvua inanyesha, na hata vilivyokuwa vizuri vinaharibika.

Vitu hivyo haviuziki. Duka linalazimika kulipa gari livipeleke jalalani, na huko pia linalipa. Pesa hiyo inatoka wapi? Inatoka katika pesa ya mkate na kitanda. Kwa hiyo mtu aliyeleta takataka hakumpa masikini kitu, amemnyang'anya. Kabla ya kutoa nguo, jiulize: je, ningempa ndugu yangu? Kama jibu ni hapana, usimpe masikini.

Tena, nguo nyingine ni nzima lakini hazipati mnunuzi. Maduka mengi ya sadaka katika Ulaya, Marekani na Australia yanaziuza kwa kilo kwa wafanya biashara. Hao wanazifunga katika marobota na kuzipeleka nchi nyingine, hata Afrika. Kwa hiyo shati linalouzwa sokoni Bukavu au Lubumbashi pengine lilipita kwanza katika duka la namna hii. Lakini mjue tofauti: robota likiisha kuuzwa, si sadaka tena, ni biashara. Mama anayeuza sokoni amelinunua kwa pesa yake, naye ana haki ya kupata faida. Na akikuta nguo zilizochakaa ndani ya robota, hasara ni yake. Tazameni basi namna uvivu wa mtu mmoja wa mbali, aliyekataa kuchagua vizuri, unavyoweza kumfikia mama wa kwetu.

7. Tujifunze nini?

Duka la sadaka haliwezi kuponya kila shida. Kitanda cha usiku mmoja si nyumba. Mtu anahitaji pia kazi, jamaa, na nyumba ambayo kodi yake anaiweza. Hayo yanataka sheria za haki na viongozi wema. Ozanam mwenyewe alilijua neno hilo: alifundisha kwamba sadaka inafunga jeraha, lakini haki inazuia jeraha lisitokee. Vyote viwili vinatakiwa.

Lakini tusingoje mpaka shida zote ziishe ndipo tuanze. Vijana wale wa Paris walikuwa wachache, tena hawakuwa matajiri. Ninyi pia mnaweza kuanza. Daftari lenye kurasa nyeupe, kaptula iliyokuwa fupi kwako, vikombe viwili vya maharagwe: vikikusanywa vya darasa zima, na kuchaguliwa vizuri, vinaweza kumsaidia mwenzenu aliyekimbia vita au aliyeunguliwa na nyumba. Haba na haba hujaza kibaba. Na Bwana wetu alitufundisha kwamba anayemvika masikini anamvika Yeye mwenyewe. Basi, tumtolee nguo iliyofuliwa.

Maulizo

1. Nani alianza Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, na katika mji gani?
2. Sista Rosalie aliwafundisha vijana neno gani?
3. Taja kazi nne za duka la sadaka.
4. Matthew Talbot alikuwa nani? Kwa nini jina lake linafaa kwa nyumba ile?
5. Eleza sababu tatu za kuuza kitu kilichotolewa bure.
6. Kwa nini kuleta vitu vibovu ni kumnyang'anya masikini?
7. Katika kijiji au mtaa wenu, nani hana mahali pa kulala? Darasa lenu linaweza kufanya nini?