Wakazi Waulizwe Kabla ya Ramani Kuchorwa

Tarehe 1 Julai 2020 mji wa Arua ulipewa hadhi ya jiji. Siku hiyo mpaka wa mji ulisogezwa mbele, na watu wengi wa Dadamu, Oluko na Pajulu, waliolala wakiwa wanakijiji, waliamka wakiwa wakazi wa jiji. Hakuna aliyehama. Shamba la muhogo lilibaki pale pale, kaburi la babu likabaki pale pale, na njia ya kwenda kisimani ikabaki ile ile. Kilichobadilika ni kwamba tangu siku hiyo wakuu wa jiji nao wana neno juu ya kitakachojengwa mahali hapo.

Hali haiko mbali na hiyo upande wa Koboko na Lurujo. Koboko ni manispaa iliyo karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Biashara ya mpakani huleta watu, na vita vya nchi jirani vimeleta wengine. Watu wakiongezeka, vyumba vya kupanga huwa haba na kodi hupanda. Kwa hiyo hapana ubishi kwamba miji yetu inahitaji nyumba zaidi, tena nyumba bora. Swali tunalotaka kulieleza leo ni jingine. Pale ambapo nyumba hizo zinatakiwa kujengwa mahali ambapo watu wanaishi tayari, nani aulizwe, aulizwe nini, na aulizwe lini?

Yafaa kwanza ieleweke sheria inasemaje. Ibara ya 26 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kwamba mtu hawezi kunyang'anywa mali yake ila kwa manufaa ya umma, na kwamba ni lazima alipwe fidia ya haki kabla mali hiyo haijachukuliwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilithibitisha jambo hilo katika kesi iliyohusu ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya barabara. Mwaka 2017 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kuibadili ibara hiyo, ili iweze kuweka fedha mahakamani na kuanza kazi hata kama mwenye ardhi hajakubali kiasi alichopangiwa. Wananchi waliupinga kwa nguvu, na muswada ule haukupita. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 nayo inaitambua ardhi ya kimila kuwa milki halali, hata kama mwenyewe hana karatasi. Na Sheria ya Mipango ya mwaka 2010, iliyoifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, inataka rasimu ya ramani iwekwe hadharani ili wananchi waione na kutoa maoni yao.

Hizo ni ngao nzuri. Lakini fidia si kitu kimoja na ushauri. Fidia humtafuta mwenye mali na kumlipa. Ushauri humtafuta mkazi na kumsikiliza, awe ana mali au hana. Bodi ya ardhi ya wilaya huwa na orodha ya viwango vya fidia, inayotaja mazao na nyumba zisizo za kudumu. Mwembe una bei yake, na kibanda kina bei yake. Lakini jirani anayemlea mtoto wako unapokwenda sokoni hayumo katika orodha hiyo. Mteja aliyezoea kununua chapati mlangoni pako naye hayumo. Mpangaji wa chumba kimoja katika mtaa wa Oli hana mwembe wala kiwanja, lakini nyumba ikibomolewa ndiye wa kwanza kulala nje.

Tuna mfano wa karibu katika nchi yetu wenyewe. Mjini Kampala, katika maeneo ya Naguru na Nakawa, palikuwa na nyumba za kupanga zilizojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi. Mwaka 2007 serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni ya ujenzi ili mahali hapo pajengwe mji mpya wa kisasa. Wapangaji 1,747 waliahidiwa kwamba watafikiriwa katika nyumba zitakazojengwa. Wengi hawakuridhika, na shauri likafika mahakamani. Mwaka 2011 nyumba zilibomolewa. Mwaka 2013 jiwe la msingi liliwekwa kwa sherehe. Lakini mji ulioahidiwa haukujengwa, na mwishowe mkataba ule ukafutwa. Ardhi ile ilipoanza kugawiwa watu wengine, Bunge liliunda kamati mwaka 2021 kuuchunguza ugawaji huo. Wakati huo miaka kumi ilikuwa imepita tangu watu waondolewe.

Mfano huo una funzo kubwa. Mara nyingi husemwa kwamba kuwauliza wakazi ni kuchelewesha maendeleo. Naguru na Nakawa haikuchelewa kwa sababu ya mikutano mingi ya wakazi. Watu waliondolewa kwanza, na maswali magumu yakabaki nyuma: nani anajenga, kwa fedha gani, lini, na wakazi walale wapi katika muda wote huo. Maswali hayo ndiyo ambayo mkazi wa kawaida huyauliza katika mkutano wa kwanza. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa tuangalie mfano wa nchi jirani. Jijini Nairobi, mwezi wa Agosti 2017, serikali ya kaunti ilitangaza kwamba mitaa ya Mukuru, yaani Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, ni eneo maalumu la mipango. Hapo palikuwa na kaya zipatazo 100,000, na karibu wote walikuwa wapangaji juu ya ardhi yenye hati za watu wengine. Ujenzi mpya ulisimamishwa kwa muda, ili walanguzi wasipate nafasi ya kukimbilia kujenga vibanda kwa tamaa ya fidia. Kisha wakazi wakapangwa kwa hesabu: kaya kumi zikawa kundi moja lenye mjumbe wake, makundi kumi yakaunganishwa, na kuendelea hivyo mpaka kufikia sehemu kubwa za mtaa. Chama cha Muungano wa Wanavijiji, pamoja na vyuo vikuu na mashirika mengi, kilisaidia kuwahesabu watu na kukusanya maoni yao juu ya maji, vyoo, afya, shule, barabara na makazi.

Matokeo yake yalionekana katika ramani yenyewe. Kwa vipimo vya kawaida vya upana wa barabara za mjini, nyumba nyingi mno zingebomolewa. Kwa kuwa wakazi walikuwa mezani, vipimo hivyo viliangaliwa upya na njia nyingine zikafanywa nyembamba zaidi. Baadaye barabara, maji na hospitali zilianza kufika Mukuru. Hata hivyo tusifanye mfano huo kuwa hadithi tamu isiyo na kasoro. Mwaka 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao ili kupisha barabara. Ushauri mwema hauwezi peke yake kumlinda mtu ambaye haki yake ya kukaa haikuandikwa popote. Maoni ya wakazi yakishapokewa, yapaswa kugeuzwa kuwa haki yenye nguvu ya sheria.

Turudi nyumbani. Je, kwetu West Nile jambo hili lina uzito gani wa pekee?

Kwanza, ardhi yetu iliyo nyingi ni ya kimila, nayo haina ramani za serikali zinazoonyesha kila kipande. Baada ya mwaka 1979 vita viliwafukuza watu wengi wa sehemu hizi, wakakimbilia Kongo na Sudan, na wengi hawakurudi mpaka miaka ya kati ya 1980. Waliporudi, mipaka ya mashamba ilitambuliwa kwa mti, kwa jiwe, kwa kijito, kwa kaburi, na kwa kumbukumbu za wazee. Mpaka wa namna hiyo hauonekani katika picha iliyopigwa kutoka angani. Kwa hiyo, kuwauliza wakazi wa Koboko, Lurujo au Arua si adabu tu. Ndiyo njia pekee ya kujua kwa hakika ardhi ni ya nani. Afisa anayechora kabla ya kuuliza anachora juu ya ardhi asiyoijua, na kosa lake litakuja kusahihishwa mahakamani, kwa gharama ya umma.

Pili, mzee wa ukoo ana haki ya kusema juu ya ardhi ya ukoo, lakini si yeye peke yake anayeishi juu yake. Yupo mjane anayeilima. Yupo kijana anayetarajia kujenga. Yupo mke, ambaye sheria yetu ya ardhi inataka akubali kabla ardhi inayoilisha familia haijauzwa. Yupo mpangaji aliyetoka wilaya nyingine. Mkutano wa wazee sita chini ya mwembe ni jambo la heshima, lakini haujawa ushauri wa wakazi. Baraza la kijiji, lile tunalolijua kwa jina la LC1, kwa sheria ni la wakazi wote waliotimiza miaka 18, siyo la wenye viwanja tu. Hicho ni chombo ambacho tayari tunacho.

Tatu, kuna jambo la lugha. Sehemu hizi husikika Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kiswahili na lugha nyingine. Ramani na ripoti huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Karatasi iliyobandikwa ukutani ofisini imetimiza sheria, lakini mama anayeuza samaki wakavu sokoni hajaulizwa kitu. Ramani ielezwe kwa lugha ya watu wa mahali, na ikiwezekana vigingi vipigwe ardhini, ili kila mtu aone kwa macho yake barabara inapita wapi na nyumba ya nani imo ndani ya mstari. Siku ya mkutano isiwe siku ya soko, la sivyo akina mama wengi hawatafika.

Basi mwananchi atautambuaje ushauri wa kweli? Hebu aulize maswali manne. Je, ramani bado inaweza kubadilishwa, au imekwisha kupitishwa nasi tunaitwa kupiga makofi? Je, watu wote wanaoishi hapa wamehesabiwa, wapangaji pamoja na wenye nyumba, kabla ya kazi kuanza? Je, imeandikwa tutakaa wapi tangu siku ya kubomolewa mpaka siku ya kurudi, na kodi ya nyumba mpya itakuwa kiasi gani? Na je, maoni yetu yatajibiwa kwa maandishi, kwamba hili limekubaliwa, lile limekataliwa, na kwa sababu gani? Swali la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Serikali haifungwi kukubali kila linalosemwa na wakazi, wala wakazi wenyewe hawasemi kitu kimoja. Lakini mtu aliyejibiwa kwa sababu anaweza kuafiki hata asipopata alichotaka. Asiyejibiwa hubaki na kinyongo, na kinyongo juu ya ardhi hurithiwa na watoto.

Wananchi nao wana wajibu wao. Wahudhurie mikutano tangu ule wa kwanza, wasingoje mpaka tingatinga lionekane barabarani. Waseme ukweli juu ya mipaka yao. Wasiuze kipande kimoja kwa watu wawili, wala wasipande miche usiku ili wahesabiwe asubuhi. Hila za namna hiyo huwapa viongozi wasiopenda kuuliza kisingizio cha kutouliza kamwe.

Ndugu wasikilizaji, jiji la Arua bado ni changa, na Koboko inaendelea kukua. Sehemu kubwa ya mitaa yake ya kesho bado haijajengwa. Hiyo ni bahati ambayo Kampala na Nairobi hazikuwa nayo, kwa maana hapa bado inawezekana kuanza na wakazi kabla ya kuanza na matofali. Nyumba zikisimama mahali pasipofaa, au zikapangishwa kwa kodi ambayo wakazi wa zamani hawaiwezi, kulisahihisha kosa hilo kutahitaji fedha nyingi na miaka mingi. Mkutano wa siku moja chini ya mwembe, pamoja na watu wote wanaohusika, hauna gharama ya namna hiyo.